Kusema ya Moyoni kwa Kiitaliano

Ndugu wasomaji wa Butembo na Beni, baadhi yenu mna mtoto au ndugu aliyetumwa Italia, kwa masomo au kwa utawa. Sisi tulio huku mwatuuliza mara nyingi: Je, lugha yao ni ngumu? Kununua mkate, kupanda treni, kufuata Misa, hayo mtu huyapata kwa miezi michache. Kazi iko katika kusema ya moyoni.

Sisi si wa kwanza. Marehemu Askofu Emmanuel Kataliko, aliyechunga jimbo letu tangu 1966 hadi 1997, naye alisoma Roma. Lakini mlima huu kila mmoja huupanda kwa miguu yake.

Mwanzo wake ni mwepesi. Mwitaliano husema "ho paura", nina woga. "Ho fame", nina njaa. "Ho freddo", nina baridi. Ni sawa na kwetu: woga ni kitu ambacho mtu anacho leo, na kesho pengine hana. Huzuni yao haiendi hivyo. Wasema "sono triste", yaani mimi ni mwenye huzuni. Mchovu naye ni "stanco" akiwa mwanamume, "stanca" akiwa mwanamke. Mseminari mmoja mwenye ndevu nyingi alitangaza mezani kwamba yeye ni "stanca", wakacheka mpaka supu ikapoa.

Kisha kuna kupenda. Sisi neno letu ni moja: twampenda Mungu, twampenda mama, twapenda sombe. Wao hutenga. "Ti amo" ni ya mume na mke, au ya wachumba. Kwa mama na kwa rafiki husema "ti voglio bene", ndiyo kusema, nakutakia mema. Na mtu aliye mbali huambiwa "mi manchi": wewe wanipungukia. Twaona ni neno zuri sana, maana ni kama mama anayehesabu watoto jioni na kuona mmoja hayupo.

Tena wana neno "magari". Kwetu magari ni yale ya mizigo yatokayo Kasindi. Kwao, kwa sauti ile ile, maana yake ni "laiti ingekuwa hivyo". Paroko alituuliza kama vita vya kwetu vitakwisha karibuni. Mwenzetu akajibu, "Magari!" Hatukucheka.

Lakini "pole" hawana. Wana "mi dispiace", yaani jambo hili lanisikitisha mimi. Ni neno la heshima, ila laanza na msemaji. Pole yetu yamwendea mwenye mzigo, awe amefiwa au amejikwaa tu njiani.

Hapo ndipo tulipopata taabu. Mauaji yalianza katika eneo la Beni mwezi wa Oktoba 2014. Baadaye ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Simu kutoka nyumbani zilitutia hofu kabla hatujazipokea. Asubuhi watu wa nyumba huuliza, "Come stai?" Nasi hujibu, "Bene." Ninyi mwajua desturi yetu: habari ni nzuri kwanza, hata kama kuna maiti ndani. Mwulizaji hukaa, huuliza tena, ndipo msiba hutajwa. Mwitaliano akisikia "bene" huamini na kwenda zake. Si ukali wake. Kwake jibu limekwisha.

Sista mmoja wa Oicha alipoteza mjomba wake kwa njia hiyo mbaya mnayoijua. Wiki mbili alisema "bene", akapika, akafua, akaimba Masifu, na nyumba nzima hawakujua neno. Alizidi kukonda. Sisi wa kwetu tulipogundua, tulikaa naye Jumapili mchana tukafanya kama darasa: "Sto male", sina hali nzuri. "Ho perso uno zio", nimefiwa na mjomba. "Ho paura per i miei", nawaogopea watu wangu. Alirudia maneno hayo kama katekisimu, na kwa lile la tatu akaanza kulia.

Siku ya pili yake alikwenda kazini kama kawaida, katika nyumba ya wazee. Bibi mmoja, amekwisha pita miaka tisini, akamwuliza, "Come stai?" Akajibu, "Sto male." Yule bibi akaweka kijiko chini, akamshika mkono, akasema, "Ti sono vicina," niko karibu nawe, akaendelea kumshika mpaka chakula kikaondolewa mezani. Kisha akataka kujua kwetu watu husema nini. Siku hizi yule bibi husema "pole" kwa kila mtu, hata kwa daktari anayempiga sindano.