Mawaridi ya pichi, mawaridi meupe na meno ya Maji ya Chai

Wengi mmekuwa mkiniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Naolewa. Mwezi ujao, nyumbani kwetu Maji ya Chai, ibada kanisani asubuhi halafu chakula uani kwa mama. Wageni 45. Siyo 450 jamani, ni 45, na hesabu hiyo imeshaniletea maneno ya kutosha. Nitayafikia.

Leo nataka kuongelea maua. Najua wengine mtacheka, mwandishi mzima wa habari anakaa chini kuandika kuhusu maua. Lakini kwetu Tanzania ukitangaza harusi, swali la kwanza siyo "unaolewa na nani?" Swali ni "rangi ya harusi ni ipi?" Watu wanataka kujua washone kitambaa gani. Mimi nikajibu haraka: pichi na nyeupe. Nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Nilikwenda mjini Arusha kumwona mpambaji, dada mmoja mchangamfu sana. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Harusi za London, za Dubai, za Cape Town. Picha moja ilinishika: waridi la pichi lenye petali nyingi mpaka linafanana na kabichi ndogo. Linaitwa Juliet, lilizalishwa na David Austin wa Uingereza na kuonyeshwa kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea mwaka 2006. Nikauliza bei ya shada moja la namna hiyo. Akanitajia. Nikaomba maji ya kunywa.

Basi tukaja kwenye waridi la kawaida, ambalo kwetu siyo la kawaida hata kidogo. Wale mnaopita barabara ya Moshi mnayajua yale mabanda ya nailoni nyeupe maeneo ya Usa River na Nduruma. Ukanda huu umelima maua ya Ulaya kwa miaka mingi. Hali ya hewa ya chini ya Meru inayafaa: mchana jua, usiku ubaridi, na waridi linalokua taratibu kwenye ubaridi linatoa kichwa kikubwa kuliko la joto. Uwanja wa KIA uko jirani tu, lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua yetu imekuwa ikipandishwa lori, inavuka Namanga na kuruka kutokea Nairobi, kwa sababu huko ndiko ndege za mizigo ziliko. Yakifika Uholanzi, mnunuzi anaweza hata asijue kwamba yalichumwa Arumeru.

Mama yangu alifanya kazi kwenye moja ya mashamba hayo kwa miaka 11. Jina la shamba naliacha. Alianza kwenye kuchuma, baadaye akahamishiwa kwenye kupanga. Kazi ya kupanga ni hii: unapima urefu wa shina, sentimita 40 huku, 50 huku, 60 kule. Unaondoa majani ya chini. Unafunga mashina 20 kwa kila fungu. Na unatazama petali. Wiki za kuelekea tarehe 14 Februari mama alikuwa anatoka nyumbani giza na kurudi giza. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mafungu hayo.

Pamoja na yote hayo, sikuwahi kuona waridi mezani kwetu. Hata moja. Nilipomwambia rangi za harusi, mama aliinamia sufuria yake kwa muda, kisha akasema, "Nyeupe inasumbua, mwanangu."

Nikamuuliza inasumbua vipi.

"Nyekundu inaficha. Ya pichi nayo inaficha kiasi. Nyeupe haifichi kitu. Ukiishika vibaya, alama ya kidole inageuka kahawia. Ikipata ukungu kidogo, vidoadoa vya kahawia. Doa kama punje ya mtama tu, fungu zima linarudishwa."

Wadau, hapo ndipo jambo hili lilipoacha kuwa la maua.

Wenzangu mliokulia huku mnajua nataka kusema nini. Sisi watoto wa Maji ya Chai, wa Ngurdoto, wa Momella, tunatambuliwa popote tunapofungua mdomo. Meno yetu ni ya kahawia. Siyo uchafu, siyo ugoro, siyo uvivu wa mswaki. Ni madini ya floraidi kwenye maji, yanayotokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru. Mtoto akiyanywa wakati meno bado yanajijenga ndani ya ufizi, meno yanaota yakiwa yameshaharibika. Ukiyanywa kwa wingi kwa miaka mingi, yanaingia hadi kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mto wetu wa Maji ya Chai, vipimo vilivyochapishwa na watafiti vimeonyesha zaidi ya miligramu 10. Na mwaka 1974 serikali yetu, kwa sababu maji mbadala hayakuwepo, iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Kiwango cha taifa kilikuja kushushwa hadi 1.5 mwaka 2018. Mimi meno yangu yalikuwa yameshaota zamani.

Rangi ya chai ya ule mto siyo floraidi, maana floraidi haina rangi wala harufu. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakakupaka rangi meno. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambacho kwa miaka mingi kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Wataalamu wapo. Tulichokosa sisi tuliozaliwa wakati ule ni bomba la maji yaliyochujwa.

Sasa fikiria bibi harusi. Gauni jeupe, shela jeupe, shada jeupe limeshikwa hapo chini ya kidevu, halafu mpiga picha anasema "bibi harusi, tabasamu!"

Shangazi yangu alilifikiria kabla yangu. Alinipigia simu akaniambia niende kwa daktari wa meno nikafunikwe yale ya mbele, hela atanikopesha. Alisema kwa upendo, naelewa. Mpiga picha naye, kijana mwerevu, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atayang'arisha kwenye kompyuta, hakuna atakayejua. Nikamuuliza: na ya mama yangu? Ya wajomba? Ya usharika mzima? Akacheka, akasema atamwaga nyeupe kwa wote.

Nikakaa na jambo hili wiki nzima. Mwenzangu anatoka Tanga, meno yake kama nazi iliyokunwa. Nilimuuliza anaonaje. Akasema, "Mimi nilikuona ukicheka kwenye daladala ya Tengeru. Ungekuwa umefumba mdomo nisingekuona." Basi.

Nikanunua mawaridi mawili mjini, moja jeupe kabisa na moja la pichi. Nikasimama mbele ya kioo. Nikaweka jeupe karibu na mdomo nikacheka. Meno yakaonekana kama kahawa. Nikaweka la pichi nikacheka. Meno yakaonekana ni meno. Pichi ina joto ndani yake, ina unjano na wekundu kidogo, kwa hiyo kahawia ikikaa jirani haipigi kelele. Wapiga rangi na wapiga picha wanalijua hili. Jeupe likizidi weupe, kila kilicho karibu nalo kinaonekana kichafu.

Na huo weupe wenyewe tumeuchukulia kama amri ya Mungu! Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na gauni jeupe mwaka 1840, picha zikasambaa, wenye nacho wakaiga, na wamisheni na magazeti wakatuletea. Kabla ya hapo hata wazungu wenyewe wengi walikuwa wanaolewa na gauni lolote zuri walilokuwa nalo.

Kwa hiyo nikaamua: pichi iongoze, nyeupe ifuate. Nyeupe sikuiondoa. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza hesabu, maana najua kuna wadau wanajipanga kuoa. Meza 5, kila meza watu 9. Kila meza mashina 15, yaani 10 ya pichi na 5 meupe. Hapo 75. Kanisani vyombo viwili vyenye mashina 20 kila kimoja, 40. Shada langu 20, la msimamizi 10. Jumla 145. Ongeza 15 ya kuvunjika njiani, unapata 160, ambayo ni mafungu 8 ya mama. Harusi ya watu 450 ingehitaji lori. Hii inaingia kwenye buti la teksi.

Pili, maji. Nilileta yale mawaridi mawili nyumbani nikataka kuyatia maji ya bombani. Mama akanizuia. "Maji yetu yanaua maua." Nilidhani ni maneno ya wazee. Nikasoma. Kumbe wataalamu wa maua wameandika: floraidi ni sumu kwa maua yaliyokatwa kama gladiola, jabera na waridi, na hata miligramu 1 kwa lita inaweza kuyadhuru. Moja! Nikafanya jaribio langu. Chupa mbili, mawaridi meupe ya fungu moja. Moja maji ya mto, moja maji ya mvua kutoka kwenye simtanki la mama. Siku ya tatu la maji ya mto lilikuwa limekunja kingo, za kahawia. La maji ya mvua lilikuwa ndiyo kwanza linafunguka.

Nililitazama lile ua muda mrefu. Ua lilikunywa siku tatu tu. Mimi nilikunywa utoto wote.

Kwa hiyo harusi itatumia maji ya mvua. Mama amesema pia tukate ncha za mashina mshazari, tutoe majani yote yatakayozama, na maua yasilale stoo. Kwa nini? Kwa sababu stoo ndiko tunakoivishia ndizi, na ndizi zinapoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo inazeesha maua haraka. Yatalala chumbani kwake, dirisha wazi.

Sasa yale maneno ya wageni 45. Baba mdogo alikuja akiwa amekasirika. Kwake harusi bila kamati, bila vikao, bila kadi za mchango ni dharau. Na hoja yake ina uzito, tusimcheke. Alisema, "Mama yako amechangia harusi za kijiji kizima. Hii ndiyo zamu yake ya kurudishiwa. Wewe unamfutia." Nilikosa jibu. Mama ndiye aliyejibu, akimmiminia chai: "Shemeji, mimi nilichanga. Sikukopesha." Baba mdogo akanywa chai yake. Mpaka leo hajasema atakuja, ila juzi aliuliza kama viti vipo vya kutosha.

Na kuhusu nyeupe. Maua yanayouzwa mjini kwetu mengi ni yale ambayo hayakupita kwenye meza ya kupangia: shina fupi, kichwa kimepinda, petali ina doa. Mpambaji aliniomba radhi kwamba meupe atakayopata hayatakuwa ya daraja la kwanza. Nilipomweleza mama alinyamaza, kisha akauliza, "Yana madoa?" Nikasema baadhi. Akasema, "Niletee hayo. Shada lako nitalifunga mwenyewe."

Miaka 11 alikuwa akiyatenga pembeni. Safari hii atayafunga kwa utepe na kumpa binti yake. Mpambaji kakubali, na kapunguza bei.

Kitu kimoja bado hatujakubaliana. Mama kwenye picha zote za maisha yake amefumba mdomo. Picha ya kipaimara changu, ya mahafali yangu, hata ya kitambulisho cha taifa, midomo imebanwa kama anashikilia pini. Nimemwomba siku ile acheke. Amesema ataona. Nimemwambia mpiga picha asiguse meno ya mtu yeyote kwenye kompyuta, na hilo limeandikwa kwenye mkataba wetu.

Haya wadau, kwa leo niishie hapa. Anayejua fundi mzuri wa kushona gauni la pichi kwa mama mwenye umri wa miaka 58 asiyependa kupimwa kiuno, anijulishe mapema. Tumebakiza wiki tano na anasema atavaa kitenge.