Karani Alivyovunjika Nyonga: Wiki Sita za Paka Ndani ya Tenga

Niliahidi wiki hii tuendelee na viwavijeshi, lakini naomba tuviweke kando kidogo. Tangu mwezi uliopita watu wanne wamenipigia simu kuniuliza nilimfanyaje yule paka wangu, na kila nikianza kueleza salio linaisha. Basi naandika hapa mara moja, anayetaka asome.

Paka mwenyewe anaitwa Karani. Jina alipewa na mume wangu, kwa sababu kila gunia linaloingia stoo lazima apande juu yake, alinuse, akae kama anaandika. Wewe unayehifadhi mahindi huku kwetu Mvomero sihitaji kukueleza maana ya paka wa namna hiyo. Nimewafundisha wengi kutumia mifuko isiyopitisha hewa, na naendelea kuisifu, lakini panya akitoboa mfuko tundu moja tu hewa inaingia, na dumuzi wanaamka. Karani ndiye aliyekuwa mlinzi wa mifuko yangu kwa miaka minne.

Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, saa moja jioni. Boda ilipita bila taa, tukasikia kelele ya paka, na boda haikusimama. Karani alijiburuta kwa miguu ya mbele hadi chini ya kichanja cha vyombo. Miguu ya nyuma ilikuwa inafuata tu, na mkia ulining'inia kama kamba.

Kosa langu la kwanza nililifanya papo hapo. Nilimnyooshea mkono kama siku zote, akaniuma kidole gumba hadi damu. Paka aliye kwenye maumivu hamjui mwenyewe. Wewe chukua kanga au gunia safi, mfunike mwili wote pamoja na kichwa, kisha msogeze polepole juu ya kitu kigumu kilichonyooka. Mimi baadaye nilitumia ubavu wa boksi. Usimnyanyue kwa kumshika tumbo, wala kwa ngozi ya shingo huku kiuno kinaning'inia. Na akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati, hata kama paka amechanjwa. Kichaa cha mbwa hakichagui mbwa tu. Karani alikuwa na chanjo, na bado asubuhi yake nilienda.

Kosa la pili nilikaribia kulifanya, na hilo ndilo lililonifanya niandike.

Alikuwa analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikaenda kwenye droo, nikatoa kidonge cha parasetamoli, nikakikata nusu kama ninavyofanya kwa mtoto, nikaanza kukisaga kwa kijiko. Ndipo nikasikia hodi. Alikuwa bibi mmoja jirani, amekuja kuuliza kelele ni za nini.

"Unamsagia nani hiyo?" akaniuliza.

"Paka, bibi. Maumivu yamemzidi."

Akanishika mkono. "Usimpe, mwanangu. Wangu nilimpa hiyo hiyo."

Nilimkumbuka hapo hapo. Miaka miwili nyuma alinijia ofisini na paka amemzungushia kanga, mguu umevunjwa na mtego. Nilikuwa na mgeni kutoka wilayani na mezani kulikuwa na taarifa ya robo mwaka. Nikamwambia, bibi, mimi ni wa mazao, na hata wenzangu wa mifugo wana ng'ombe wa kutosha. Mgeni wangu akacheka. Nami nikacheka. Bibi akaaga kwa heshima zake zote, akarudi nyumbani, akampa paka nusu kidonge kile kile anachokunywa yeye akiumwa magoti. Ufizi ukageuka rangi ya tope, uso ukavimba, na kesho yake paka akafa. Mguu peke yake usingemuua.

Haya yote aliniambia akiwa amesimama mlangoni, wala hakunilaumu. Ningefurahi kama angenilaumu.

Basi shika hili hata kama mengine yote utayasahau: parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama ini la mtu. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ndiyo maana ufizi unabadilika rangi. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na nusu yake pia ni hatari. Diklofenaki na aibuprofeni nazo usiziguse. Dawa za maumivu za paka zipo, lakini zinapimwa kwa uzito wake, na anayepima ni daktari wa mifugo.

Usiku ule tulichoweza ni kidogo. Tulimlaza kwenye boksi pembeni mwa jiko, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kitambaa ikawekwa upande mmoja, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Maji niliyaweka karibu bila kumlazimisha. Kila saa nilitazama ufizi na kifua. Ufizi wa waridi una matumaini, mweupe unamaanisha damu inavuja mahali au mwili umeshtuka sana. Paka anayehema mdomo wazi usimngojee asubuhi kama kuna njia yoyote ya kumfikisha kwa daktari.

Asubuhi daktari wa mifugo wa wilaya alimminya kidole cha mguu wa nyuma kwa kibanio. Nilidhani ni ukatili. Karani akageuza kichwa na kuguna, na daktari akatabasamu. Akanieleza kwamba mguu kujivuta peke yake hakutoshi, mguu unaweza kujivuta bila kichwa kuwa na habari. Paka akigeuka na kulalamika ndipo unajua maumivu yamefika kwenye ubongo, maana yake uti wa mgongo bado unapitisha habari. Alimchoma sindano ya maumivu, akatuelekeza hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kwa picha ya eksirei. Kwenye basi kondakta alitaka kunitoza nauli ya kuku. Tulibishana hadi nikachoka, nikalipa.

Picha ilionyesha nyonga imevunjika sehemu mbili, lakini kiungo cha paja ni kizima na uti wa mgongo ni mzima. Nyonga ya paka ikivunjika hivyo mara nyingi huunga yenyewe, mradi akae mahali padogo wiki nne hadi sita, asiruke wala kukimbia. Shida kubwa ilikuwa mkia. Gurudumu likikanyaga mkia na paka akajivuta kukimbia, mishipa ya fahamu ya pale kiunoni huvutika, na hiyo ndiyo inayoendesha mkojo pia. Karani hakuwa amekojoa tangu ajali. Tukaambiwa tusubiri hadi mwezi mmoja. Mkojo ukirudi ndani ya muda huo, ataishi vizuri. Usiporudi, matumaini ni madogo.

Sasa kazi ikaanza. Kizimba cha chuma sina, ila tenga la kuku ninalo. Nililiosha, nikalikausha juani, nikatandika gunia na juu yake vitambaa vya zamani. Upande mmoja nikaweka beseni lililokatwa ukingo mmoja, lenye mchanga, ili asilazimike kuruka kuingia. Tenga lilikaa jikoni, mahali ambapo watu wanapita, maana paka aliyefungwa chumba cha giza hukata tamaa ya kula.

Mara tatu kwa siku nilimkamua mkojo. Namna ya kufanya nilifundishwa na daktari kwa mikono yake juu ya mikono yangu, na sitaieleza hapa kwa sababu haifundishwi kwa simu. Kibofu kilichojaa sana kikibanwa vibaya kinapasuka. Nitakachokwambia ni hiki: paka aliyegongwa akipitisha siku nzima bila kukojoa, huo ni ugonjwa wa haraka kama damu inayotoka. Na matandiko kulowa si lazima iwe habari njema. Kibofu kikijaa kupita kiasi huanza kuvuja chenyewe, ukadhani amekojoa kumbe tumbo limebana kama chungwa. Kila alipolowa nilimfuta kwa maji ya vuguvugu, nikamkausha vizuri, kwa sababu mkojo unaunguza ngozi. Nikamgeuza upande pia, asipate vidonda vya kulalia.

Chakula alikataa siku mbili. Hapo usidharau. Paka, hasa mnene, akikaa siku kadhaa bila kula mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini na kuliharibu, akafa kwa njaa wakati kidonda kinapona. Nilichemsha dagaa bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwake, kama kilivyo kitunguu saumu), nikaponda, nikampelekea ya uvuguvugu ili harufu imfikie. Alilamba supu kwanza kwenye kidole changu, kile kile alichokiuma. Siku ya nne akala mwenyewe.

Kwenye paja alikuwa na mchubuko mpana, na nzi wa masika unawajua. Siku ya sita nikaona funza wawili. Jirani mmoja mfanyabiashara wa mahindi, mtu mwema kabisa, akaniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye kifuniko cha chupa. Nilimshukuru na kuirudisha. Dawa nyingi za kupe zina permethrini au saipamethrini, ambazo ng'ombe anazivumilia lakini paka zinamtetemesha hadi kufa. Halafu kumbuka paka hujilamba, kwa hiyo chochote unachompaka umemlisha. Hata zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukitia maji, usimwoshee. Mimi nilitoa funza kwa kibanio, nikaosha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko cha chai cha chumvi kisichojaa kwa nusu lita, asubuhi na jioni, kisha chandarua kikuukuu juu ya tenga. Funza hawakurudi.

Panya, kwa upande wao, walirudi. Wiki ya pili walitoboa mifuko mitatu. Mume wangu akataka kununua sumu, nami nikakataa, kwa sababu panya aliyekula sumu hutembea anayumba na paka humkamata kirahisi, akala sumu pamoja naye. Tuliweka mitego ya kubana na kuziba matundu ya ukuta kwa saruji. Hata hivyo debe na nusu lilikwenda.

Usiku wa siku ya 12 mume wangu alinikuta nimepiga magoti na taa ya simu, namkamua. Akasimama muda mrefu, kisha akaniuliza taratibu, "Mke wangu, huyu tunamsaidia au tunamtesa?"

Sikuwa na jibu. Asubuhi nilimpigia daktari na swali lile lile. Akaniambia nisiangalie kukoroma, maana paka hukoroma akiridhika na hukoroma akiumwa pia. Akaniuliza mambo matatu: anakula? Anajilamba mwenyewe? Anainua kichwa ukiingia? Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akasema, basi mpe muda aliopewa. Yote matatu yakigeuka hapana, unilete, tutamlaza bila maumivu. Nilimweleza mume wangu hivyo hivyo. Akaitika tu, lakini tangu siku ile zamu ya alfajiri ya kubadilisha matandiko akaichukua yeye.

Siku ya 17, alfajiri, aliniamsha. "Njoo uone mchanga."

Kwenye beseni palikuwa na bonge moja la mchanga uliolowa, limefukiwa nusu, kifukio kibaya cha mguu usio na nguvu. Sikuamini. Nilipapasa tumbo kutafuta kibofu, nikakikosa, kilikuwa kitupu. Nilikaa sakafuni jikoni na kulia, na maji ya chai yakachemka hadi yakakauka.

Baada ya wiki sita tulifungua tenga. Hakutoka mbio. Alitoka kama mzee anayeshuka basi, akasimama, akakaa. Miguu ilikuwa imekonda. Tulimwacha atembee ndani tu, dakika chache kwa siku, tukiongeza kidogo kidogo, na chakula nikakisogeza mbali hatua moja kila siku ili akifuate.

Mkia haukurudi. Ulikuwa unaburuta na kuchafuka, ukakatwa. Anatembea akiyumbisha kiuno, na kilele cha magunia hakifiki, kwa hiyo tumemwekea ngazi ya mbao tatu. Mwezi huu ameniletea panya wawili, wote wadogo. Gharama yote, nauli ya kuku ikiwemo, ilikaribia gunia moja la mahindi kwa bei ya mwaka huo. Wapo wanaosema ningechukua mtoto wa paka bure. Ni kweli, wapo wengi tu.

Kwa bibi nilikwenda, nikampigia shikamoo na kumwomba radhi kwa siku ile ya ofisini. Akasema alishasahau. Sijui kama ni kweli, lakini alinikaribisha uji, tukanywa.

Tenga ninalo ofisini, limeoshwa, pamoja na beseni na kile kibanio. Namba ya daktari wa wilaya nimeibandika mlangoni. Anayehitaji aje achukue, hata kama nina mgeni. Naomba tu ulirudishe likiwa kavu.