Hadi Moose Factory kwa Reli na kwa Mto

Barabara ya lami kutoka kusini mwa Ontario, Kanada, humfikisha mtu mji wa Cochrane. Hapo msafiri wa Moose Factory huacha gari na kupanda treni ya Polar Bear Express. Reli hii, iliyofika mji wa Moosonee mwaka 1932, ina urefu wa karibu kilomita 300, na safari huchukua takriban saa tano. Dubu anayetajwa katika jina la treni abiria asimtarajie: dirishani ni misonobari myembamba na vinamasi visivyokwisha. Mambo yapo kwenye mabehewa ya mizigo, yaliyosheheni mitumbwi, majokofu hata magari. Mwindaji akisimama kando ya reli akapunga mkono, treni husimama kumchukua.

Kutoka Moosonee hubaki kuvuka Mto Moose hadi kisiwa cha Moose Factory, kwenye makao ya Wakrii, wenyeji wa asili, wa jamii ya Moose Cree. Kampuni ya Hudson's Bay ilifungua kituo cha kununua ngozi za manyoya hapa mwaka 1673. Wafaransa wakakiteka mwaka 1686. Mwaka 1905 Wakrii walitia saini Mkataba namba 9, unaohusu ardhi yao, na serikali. Shule ya bweni ya kanisa, ambamo watoto wao walitengwa na wazazi na lugha yao, ilidumu hadi miaka ya 1970. Jeraha hilo, naona, ni zito kuliko vita vyote vya ngozi.

Mwenye amri ni mto. Kiangazi watu huvuka kwa boti za teksi. Barafu ikishakomaa, magari hupita juu yake. Majira ya kuchipua mapande ya barafu huziba mkondo na maji hufurika. Ndiyo maana sakafu ya kanisa la St. Thomas, la karne ya 19, ilitobolewa matundu: maji yaingie, jengo lisielee likachukuliwa. Vitambaa vya altare yake vilikuwa ngozi ya moose, kulungu mkubwa wa huko, iliyotariziwa shanga.

Majira hayohayo ya kuchipua mabata bukini hurudi kutoka kusini, shule hufungwa na familia huenda kambini kuwinda.

Anayepanga safari achague Julai au Februari. Barafu inapoganda au kuyeyuka, boti hazipiti, magari hayapiti. Hubaki helikopta tu.