Mwenye Nyumba na Wajibu Wake

Wako watu wengi hapa Kindu ambao hujiona wamekuwa wakubwa siku ile wanapoanza kupokea kodi ya nyumba. Sisi pia tulijiona hivyo. Leo twataka kuwasimulia jinsi mtoto wa shule na kipande cha karatasi vilivyotufunza kwamba apokeaye kodi amejifunga deni.

Marehemu baba yetu alituachia nyumba ndogo katika komini ya Mikelenge: vyumba viwili na sebule, kuta za matofali ya kuchoma, paa la mabati ya zamani. Ndani yake alikaa mama mjane pamoja na watoto wake watatu, mpangaji wa baba tangu mwaka 2019, aliyejipatia riziki kwa kuuza samaki wa mto Lualaba. Baba alipofariki mwaka 2022, mama huyo alianza kutuletea sisi zile dola 25 za kila mwezi. Alizihesabu mezani, akaaga, akaenda zake. Tulimsifu kuwa mpangaji mwema, wala hatukujiuliza kama sisi nasi tu wenye nyumba wema.

Mvua za Maniema sote twazijua. Mama yule alitujia akasema, “Mwalimu, mabati yanavuja upande wa watoto.” Tukamjibu kwa upole, “Mama, vumilia kidogo, tutaona.” Alirudi mara ya pili, tukamjibu vile vile. Kweli neno “tutaona” ni jepesi kinywani mwa mtu ambaye kitanda chake ni kikavu.

Basi, mtoto wake wa mwisho alikuwa mwanafunzi wetu. Asubuhi moja alileta daftari lililolowa, karatasi zimeshikamana, wino umetapakaa. Tulimkaripia mbele ya darasa zima, tukamwambia kwamba asiyetunza daftari hawezi kutunza cho chote. Alisimama mikono nyuma, kisha akasema, “Mwalimu, mvua iliingia usiku. Mama aliweka sufuria mbili, lakini hazikutosha.” Wenzake wakacheka. Sisi hatukucheka. Kijana hakutaja nyumba ile ni ya nani, na adabu yake ilituuma kuliko tusi.

Jioni ile tulitafuta sheria tukaisoma. Sheria ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo nchi yetu imeirithi tangu zamani za ukoloni, yamdai mwenye nyumba mambo matatu. Kwanza, amkabidhi mpangaji nyumba iliyo katika hali njema. Pili, aitunze nyumba hiyo muda wote wa mkataba, ipate kufaa kwa kazi iliyopangishiwa. Tatu, amwache mpangaji akae kwa amani. Matengenezo madogo ya kila siku ni ya mpangaji. Paa na kuta ni juu ya mwenye mali. Sheria hiyo hiyo yamtaka mpangaji aitumie nyumba kama mzazi mwema. Neno hilo tulilisoma mara mbili. Ikiwa mtu ambaye nyumba si yake anadaiwa moyo wa mzazi, je, mwenye mali adaiwa moyo gani?

Jumamosi iliyofuata tulimwita fundi. Mabati mapya na misumari vilikula zaidi ya kodi ya miezi miwili. Tulinung'unika, lakini tulilipa.

Jambo lile la tatu nalo lilitugusa. Tulikuwa na desturi ya kuingia uani mwa mama yule saa yo yote, kuchuma mapapai na kutazama huku na huku, kwa sababu tulisema moyoni, “Ni kwetu.” Lakini Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 29, yasema kwamba makao ya mtu hayaingiliwi ovyo. Mradi mpangaji alipa kodi yake, mlango ule ni wake. Tangu siku hiyo tulianza kupiga hodi.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka 2024. Mama alikuwa amejenga kijumba chake Alunguli, ng'ambo ya mto. Alitupa habari miezi 3 kabla ya kuhama, kama inavyotakiwa na sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga. Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa, yenye sahihi ya marehemu baba: amepokea garanti ya dola 75, yaani kodi ya miezi 3.

Tuliita jamaa tushauriane. Mmoja wetu akasema, “Fedha alimpa marehemu. Amfuate marehemu.” Wengine wakacheka, na tunakiri kwamba maneno hayo yalitupendeza kwa kitambo. Fedha zenyewe hazikuwapo. Zilikuwa zimeliwa zamani. Lakini sheria yasema kwamba mkataba wa kupangisha hauvunjwi na kifo. Tena ile sheria ya 2015 yakataza garanti ya nyumba ya kukaa kuzidi miezi 3, na yaagiza irudishwe mwishoni, baada ya kutoa gharama za vitu alivyoharibu mpangaji. Garanti si kodi, wala si zawadi. Ni fedha ya mwingine iliyowekwa mikononi mwetu. Tuliporithi mabati tulirithi na deni lake.

Tukaikagua nyumba pamoja na mama. Kitasa kimoja kilikuwa kimevunjika, naye alikuwa amekwisha kununua kingine. Hatukuwa na la kukata. Tuliuza baiskeli yetu, tukaongeza kidogo kutoka mshahara, tukazihesabu dola 75 mezani, kama alivyozoea kutuhesabia yeye. Akasema, “Asante, Mwalimu. Baba yenu alikuwa mtu wa neno.” Miezi kadhaa tulikwenda shuleni kwa miguu, na kila siku tulifurahi kwamba sifa ile ya baba haikufia mikononi mwetu.

Ndugu msomaji, wewe uliye na nyumba ya kupangisha, andika mkataba, hata ikiwa mpangaji ni rafiki. Siku ya kukabidhi ufunguo, kagueni nyumba pamoja na kuandika hali ya paa, milango na choo. Garanti iweke mbali na fedha za matumizi. Mpangaji akikuambia panavuja, nenda ukatazame siku hiyo hiyo. Mkikosana, tafuteni kwanza kupatanishwa katika ofisi ya serikali inayoshughulikia makao. Ikishindikana, iko Mahakama ya Amani.

Nawe mpangaji, tunza karatasi yako. Ile ya mama mjane ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kopo la chumvi kwa miaka mitano. Bila karatasi ile, pengine tungalimcheka pamoja na wale wengine.