Nani Mwenye Ruhusa Nyumbani Mwetu?

Sisi tunaoandika makala haya ni mume na mke. Tumekubaliana kuyaandika pamoja, kwa sababu kosa tunalolieleza tulilifanya pamoja, ingawa siku lilipotokea kila mmoja wetu alidhani ni la mwenzake.

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwaka 2021. Baba alikuwa Mbeya kikazi. Mama alikuwa nyumbani akimalizia hesabu za kikundi cha akina mama wa usharika, ambazo zilitakiwa kusomwa kesho yake baada ya ibada. Alipotaka kuzihifadhi, kompyuta ilikataa. Diski ilikuwa imejaa.

Mama akatafuta kitu cha kupunguza. Akaona folda moja kubwa mno, ndani yake faili 14 za video zenye majina ya namba tupu, kama kamera inavyozipa. Akabofya ili aifute. Kompyuta ikamjibu kwamba hana mamlaka hayo, na kwamba ili kufuta folda hiyo inahitajika ruhusa ya msimamizi.

Akina mama wenzetu, hebu fikirini. Umeitumia kompyuta hiyo miaka minne. Unaipangusa vumbi, unawasimamia watoto wanapoifanyia kazi za shule, kisha siku moja inakuuliza wewe ni nani! Msimamizi alikuwa Baba, na neno la siri alikuwa nalo yeye peke yake.

Mama akapiga simu. Baba alikuwa amechoka na safari. Badala ya kusikiliza shida, akauliza, "Unataka kufuta nini humo?" Mama naye akajibu, "Kwani humo umeficha nini?" Simu ikakatwa kabla ya kuagana. Usiku ule shetani alipata nafasi ya kutosha nyumbani mwetu, maana neno dogo la mashaka likishaingia kati ya mume na mke halihitaji kusaidiwa ili likue.

Njia ya mkato

Kijana wetu wa kidato cha pili alikuwa amesikia yote. "Mama, niachie mimi," akasema. Kumbe neno la siri la baba yake alilijua siku nyingi: lilikuwa tarehe ya kuzaliwa ya dada yake. Akaliandika, ruhusa ikatolewa. Tena alifuta kwa kushikilia kitufe cha Shift, ili faili zisipitie kwenye pipa la taka bali nafasi ipatikane mara moja. Hesabu zikahifadhiwa. Hakuna aliyefungua hata video moja kuona ilikuwa na nini.

Baba alirudi Jumapili jioni. Alipoketi mbele ya kompyuta, tulimwona akinyamaza. Zile faili 14 zilikuwa sauti na sura ya mama yake mzazi. Aliwarekodi mazungumzo yake mwaka 2018, Bibi akiwa ameketi mkekani akisimulia habari za ukoo na jinsi alivyobatizwa. Bibi alilala katika Bwana mwaka 2020. Baba alikuwa ameiwekea folda hiyo ulinzi, wengine waweze kuitazama lakini wasiweze kuifuta, ili watoto wasije wakaiharibu kwa bahati mbaya. Lakini hakumwambia mtu yeyote. Wala hakutengeneza nakala nyingine.

Hapo tuliona kosa letu lote. Mmoja alishika funguo bila kueleza kilichofungiwa. Mwingine alitaka mlango ufunguke bila kuuliza kilichomo.

Kilichookolewa

Tulifanya jambo moja jema: tuliizima kompyuta palepale. Jumatatu tuliipeleka kwa fundi, naye akatueleza kwa lugha rahisi. Unapofuta faili, kompyuta haiisugui kama masizi ya sufuria. Inachofanya ni kuondoa jina lake kwenye orodha na kusema, "Nafasi hii sasa ni wazi." Yaliyoandikwa hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana mtu aliyefuta kwa makosa anapaswa kuacha kuitumia mara moja: asiweke programu mpya, asihifadhi chochote.

Tulikuwa na bahati kwamba diski yetu ilikuwa ya zamani, ya kuzunguka. Zile diski mpya zisizozunguka, zijulikanazo kama SSD, mara nyingi husafisha nafasi iliyoachwa muda mfupi baada ya kufuta, na hapo hata fundi hodari hukunja mikono.

Video 9 zilirudi zikiwa nzima. 5 hazikurudi. Kati ya hizo imo ile ambayo Bibi anawataja wajukuu mmoja mmoja kwa jina na kuwaombea. Kijana wetu alilia, na sisi hatukumkaripia. Tungemkaripia kwa haki gani?

Tuliyojifunza

Kwanza, kukataliwa na kompyuta si kudharauliwa. Wale waliotumia Windows 95 na 98 watakumbuka kwamba kwenye mashine hizo aliyeketi kwenye kiti aliweza kufuta chochote, hata vile vinavyoiendesha mashine yenyewe. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta nyumbani utaratibu wa akaunti zenye mamlaka tofauti, na Windows Vista iliyoingia madukani mwaka 2007 ikaanza kumwuliza hata msimamizi mwenyewe, "Una hakika?" Utaratibu huo hutukinga na watoto, na haraka zetu, na hata virusi, kwa sababu programu mbaya huingia ikiwa na mamlaka yaleyale ya mtu aliyeifungua.

Pili, faili ikikataa kufutika, soma ujumbe wote kabla ya kubofya. Ukisema faili inatumika na programu nyingine, funga programu hiyo, au izime kompyuta na kuiwasha upya, kisha ujaribu tena. Ukitaja ruhusa ya msimamizi, jiulize ni faili ya nani, na umwulize mwenyewe. Ukikutajia TrustedInstaller, acha kabisa. Huyo si mgeni aliyejificha nyumbani mwako; ni jina la mlinzi wa faili zinazoiendesha Windows. Wapo mafundi wa mitaani wanaofundisha kujimilikisha diski nzima kwa nguvu. Tunakusihi usikubali, maana kompyuta inaweza kushindwa kuwaka.

Tatu, diski ikijaa, usianze na picha na video za familia. Anza na pipa la taka, halafu nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya hifadhi, uondoe faili za muda ambazo kompyuta yenyewe inakubali ziondolewe. Lakini tazama vizuri ulichokiwekea alama: usiiwekee alama folda ya vitu mlivyopakua kama hamjaikagua.

Nne, fungua Mipangilio, sehemu ya akaunti, uone nani ni msimamizi. Kama mlinunua kompyuta iliyotumika, huenda mkakuta jina la mtu msiyemjua. Hapo mtafuteni fundi mwaminifu aihifadhi kazi yenu kando, kisha aisafishe mashine na kuianzisha upya kwa jina lenu. Kila mtoto apewe akaunti yake ya kawaida. Neno la siri la msimamizi lisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu.

Tano, kilicho cha thamani kisikae mahali pamoja. Zile video 9 sasa ziko kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyo kabatini, na nyingine kwa shangazi wa watoto.

Bahasha

Jambo la mwisho halikuhusu kompyuta. Tuliketi, tukaombana msamaha, kwanza sisi wawili, kisha mbele ya kijana wetu. Bwana Yesu aliposema habari za wakili mwaminifu, alimsema mtu aliyepewa nyumba ili awahudumie walio ndani yake, si ili awafungie nje. Na mwenye kuhudumiwa naye hana budi kuuliza kabla ya kuvunja kufuli.

Neno jipya la siri tumeliandika kwenye karatasi, tukalitia katika bahasha, na bahasha iko kwenye droo ya kitanda pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vya watoto. Sote wawili tunajua ilipo. Kijana wetu hajui neno hilo, lakini anajua yaliyomo katika kila folda na sababu ya kulindwa, kwa sababu tumemwonyesha.

Mama mwenzetu, kama baba watoto akisafiri leo, je, unajua kilichofungwa nyumbani mwako na sababu yake? Na wewe baba unayeyasoma makala haya kando ya mkeo, umemweleza? Muulizaneni usiku huu, kwa upole, kabla diski haijajaa.