Siku 42

Kimya changu kilikuwa cha mitihani, imeisha, namshukuru Mungu. Wiki hii darasani tumefika kwenye mwenendo wa kesi za jinai, pale panapohusu mshtakiwa mwenye ugonjwa wa akili, na mimi mawazo yote yalikuwa nyumbani Kihagara.

Kuna kaka mmoja kule, mvuvi. Alianza kuongea na watu asiowaona, watu wakasema karogwa. Usiku mmoja akachoma kibanda cha jirani. Wa kumdhamini? Nani angethubutu! Akakaa mahabusu miezi na miezi.

Sheria yenyewe wala si mbaya. Mahakama inaweza kusimamisha kesi na kuamuru mtu apelekwe hospitali ya akili, na daktari ana siku 42 kuandika ripoti. Kwa huyu kaka ilikuwa Isanga, hapa Dodoma, kitengo cha Mirembe cha wagonjwa wa mahakamani na magerezani. Ila hizo 42 zinahesabiwa akishafika hospitali, siyo alipokamatwa. Siku za kabla ya hapo hazina mwenyewe. Mahabusu mwenye fujo ana nafuu, maana anaonekana haraka. Anayejikunyata kwenye kona akinong'ona anaitwa mpole, basi.

Kwa maoni yangu, angetakiwa kuonwa na mganga siku ileile ya kwanza. Sheria ya Afya ya Akili ipo tangu 2008, na Hospitali ya Liuli iko ufukwe huohuo wa Nyasa. Kumleta Dodoma ni kuvuka Songea, Njombe na Iringa, na anahitaji askari wa kumsindikiza.

Bwenini wenzangu wanabisha eti kujitetea kwa wazimu ni mlango wa kutokea. Mlango gani? Mahakama ikisema alitenda ila hana hatia kwa sababu ya ugonjwa, haendi nyumbani. Anaendelea kushikiliwa, na tarehe ya kutoka hapewi. Mfungwa wa kawaida anahesabu miaka yake, huyu hana cha kuhesabu.

Mama yake alinipigia: "Mwanangu, huko wanamtibu au wamemfunga?" Nikamwambia, vyote viwili, mama. Akanyamaza, halafu akaniagiza nimpelekee usipa. Umeshafika kwa basi, bwenini kote kunanukia. Jumamosi naenda, sijui kama getini watauruhusu.