Waliohudhuria Ngoma Moja

Watu wawili waliohudhuria ngoma moja hawarudi nyumbani na ngoma moja. Jambo hili huonekana dogo, lakini nimelifikiri kwa miaka mingi, maana nimekulia Busia, mji ambao wapiga muziki wengi wameupita, na nimewasikia watu wakibishana juu ya nyimbo kama wengine wanavyobishana juu ya mipaka ya mashamba. Mmoja husema bendi ilipiga vizuri mno. Mwenziwe, aliyekuwa katika uwanja ule ule usiku ule ule, husema ilipiga vibaya. Aghalabu wanaowasikiliza huamua upesi kwamba mmoja wao ni mwongo, au hana masikio. Mimi siafiki hukumu hiyo. Ipo namna ya muziki isiyoweza kujulikana kwa ushahidi wa mtu mmoja, na muziki huo umependwa sana katika mpaka wetu.

Busia na Malaba ni milango miwili ya nyumba moja. Barabara kuu za kutoka Kampala kwenda Nairobi hupita humo, na reli nayo huvuka Malaba kuelekea Tororo. Mpaka uliowekwa na wakoloni uliwaacha Wateso na Wasamia upande huu na upande ule, hata wako watu wanaotoka nchi moja na kuingia nyingine kwa haja ya kumwamkia mjomba tu. Jina la bodaboda, linalojulikana leo katika Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa mpakani kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakichukua watu kutoka kituo cha upande mmoja hadi kituo cha upande wa pili. Mahali penye njia ya watu hapakosi kuwa njia ya nyimbo. Wateso walikuwa na akogo yao, kisanduku cha mbao chenye vipande vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Kisha kutoka magharibi ikaja rumba ya Kongo.

Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi wa Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, walihamia Kenya kutafuta riziki, kwa kuwa Nairobi ilikuwa na studio na biashara kubwa ya santuri. Orchestra Super Mazembe ilifika huko mwaka 1974. Les Mangelepa iliundwa mwaka 1976 na wanamuziki waliojitenga na bendi ya Baba Gaston. Samba Mapangala alikaa kwanza Kampala pamoja na wenziwe wa Les Kinois, akaingia Nairobi mwaka 1977, na baadaye akaunda Orchestra Virunga. Bendi hizo ziliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili, na mtindo wao ukafuatwa na bendi nyingine nyingi, kubwa na ndogo.

Wimbo wa mtindo huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maneno, nayo huenda kwa utaratibu. Ya pili huitwa sebene: waimbaji hunyamaza au hubakiza kiitikio, mwendo hukazwa, na magitaa hushika usukani. Mpiga gitaa la solo hurudia kifungu kifupi, akikigeuza kidogo kidogo kila kinaporudi. Gitaa la ridhimu humjibu, mi-solo hujaza nafasi ya katikati, na besi na ngoma hushikilia mwendo usiyumbe. Hapana mtu awezaye kusema mapema sebene itakwisha lini. Wachezaji wakichangamka hurefushwa; wakipoa hufupishwa. Kwa hiyo watu walioko uwanjani huwa na mkono wao katika kuutengeneza wimbo, ingawa hawakushika ala yoyote.

Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kuubeba wimbo mrefu kama huo kwa upande mmoja. Mara nyingi wimbo uligawanywa: maneno yakawekwa upande wa kwanza, sebene ikawekwa upande wa pili. Hata hivyo sebene iliyomo katika santuri ni ya siku moja tu, ya studioni. Ya uwanjani ilikuwa nyingine, na ya usiku wa pili yake ilikuwa nyingine tena.

Nitatoa mfano. Miaka kadhaa iliyopita bendi moja ya rumba ilipiga katika uwanja wa wazi karibu na Malaba. Uwanja ule haukuwa na paa wala viti. Ardhi yake iliinama kutoka pande tatu kama bakuli lililomeguka upande mmoja, na watu waliketi juu ya majani ya mteremko, aliye nyuma akiona juu ya kichwa cha aliye mbele. Mimi nilikaa katikati. Sebene ya wimbo mmoja ilipokuwa imepamba moto, gitaa la solo lilinyamaza ghafla. Kwa kitambo zilisikika besi na ngoma peke yake. Kisha mi-solo ikainuka polepole, ikaushika wimbo, na watu wote waliokuwa wameketi wakasimama.

Siku ya pili yake habari ya kimya kile ilikuwa katika kila kibaraza. Fundi cherehani mmoja, ambaye alikaa juu kabisa, aliniambia kwamba hajapata kusikia ustadi kama ule. Kwa maoni yake bendi ilipanga kunyamaza, ili watu wapate kiu kabla ya kupewa maji. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye alipiga gitaa ujanani mwake, alikataa kabisa. Alisema, "Yule wa solo alipotea njia, akaona haya, na mwenziwe akamsitiri. Sisi tuliopiga gitaa twayajua hayo." Ubishi wao uliendelea mpaka shangazi yangu akafika. Yeye alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kando ya jukwaa.

"Hakupanga, wala hakupotea," alisema. "Uzi ulikatika. Nilimwona akiinama kutafuta mwingine katika mfuko wa gitaa. Yule kijana wa kando akamtazama, naye akamwitikia kwa kichwa, ndipo kijana akaingia. Mpaka uzi mpya ulipofungwa, nilikuwa nimekwisha geuza samaki mara mbili."

Fundi akanyamaza, mwalimu naye akanyamaza. Mtu angeweza kudhani kwamba kesi ilikwisha pale, na kwamba shangazi peke yake ndiye aliyeuona ukweli. Lakini nilipomwuliza mi-solo ilipiga nini alipoingia yule kijana, alicheka. Kumbe hakusikia vizuri. Alikuwa nyuma ya vipaza sauti, na mafuta ya karai yalikuwa yakilia masikioni mwake. Alijua sababu ya kimya, hakujua utamu wake. Fundi aliujua utamu, hakujua sababu. Mwalimu aliikosa sababu, lakini alitambua jambo ambalo sisi wengine tulilipita: kijana alimsitiri mwenziwe, kwa haraka na kwa adabu, bila kuuvunja mwendo. Mtu aliyetaka kuujua usiku ule alihitaji mashahidi wote watatu.

Walikuwako na wengine waliopungukiwa zaidi. Watu wengi waliotoka ng'ambo waliondoka mapema, wapate kuvuka kabla usiku haujawa mwingi. Mwendesha bodaboda mmoja aliniambia kwamba kutwa nzima abiria wake wa upande ule walimwuliza nyimbo za mwisho zilikuwaje na uzi ulikatika vipi. Walikuwa kama watu walionunua santuri yenye upande mmoja. Basi akawasimulia njiani, na pale maneno yalipomwishia aliwaimbia sebene kwa mdomo, akifuata mwendo wa pikipiki. Nadhani watu wale wanaikumbuka hata leo, nao hawakuisikia.

Msomaji atauliza kama chombo cha kunasa sauti hakiwezi kuumaliza ubishi wa namna hii. Jibu limo katika habari za nchi ya mbali. Huko Marekani, jimbo la Colorado, uko uwanja wa muziki uitwao Red Rocks, uliofunguliwa mwaka 1941. Hauna paa; viti vyake vimepangwa ngazi kwa ngazi juu ya mteremko, kati ya majabali mekundu makubwa, na hupokea watu zaidi ya 9,000. Bendi ya Grateful Dead, iliyoanza mwaka 1965 na kuacha kupiga mwaka 1995 baada ya kifo cha mpiga gitaa wake Jerry Garcia, ilipiga hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1978. Nayo ilikuwa na desturi ya kurefusha nyimbo na kuzigeuza papo hapo, hata usiku mmoja usifanane na mwingine. Bendi hiyo iliwaruhusu wapenzi wake kunasa muziki katika kanda, na mwaka 1984 ikaanza kuwatengea wenye vinasa sauti mahali pao. Kanda hizo zilienea mikononi mwa watu kwa kubadilishana. Juu ya hayo, wapenzi hao hawakuacha kubishana usiku upi ulikuwa bora na kwa nini. Kanda huhifadhi sauti iliyofika pale kilipokuwa kinasa sauti. Haisemi nani alimwitikia nani kwa kichwa.

Nayasema haya kwa sababu kuna kitu kinachotupotea. Waliocheza rumba mpakani katika miaka ya 1970, wakiwa vijana, leo ni wazee, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Santuri zimebaki, na nyimbo zake zitasikika baada yetu. Lakini zile sebene za uwanjani, zilizorefushwa kwa ajili ya watu wa Busia na Malaba na kwa msaada wa miguu yao, hazimo katika santuri yoyote. Zimo vichwani mwa wazee hao tu, tena vipande vipande: huyu ana kipande hiki, na yule ana kile.

Kazi ya kuvikusanya haihitaji fedha wala elimu kubwa. Mwanafunzi mwenye daftari na subira aweza kuifanya wakati wa likizo. Asitosheke na mzee mmoja, hata akiwa msemaji hodari. Awatafute watatu waliokuwa mahali pamoja. Wakipingana asikate tamaa, wala asimchague mmoja na kuwatupa wawili, bali aandike maneno ya wote. Na kabla ya kumwuliza yeyote kama bendi ilipiga vizuri, amwulize kwanza alikaa upande gani wa uwanja.